Utafikia kwa Nani?

Mjomba wangu aliomba green card mara tatu, 1996, 1997 na 1998. Siku zile haikuwa fomu hasa. Ilikuwa karatasi ya kawaida tu, unaandika jina, tarehe na mahali ulipozaliwa, unatia ndani ya bahasha, unabandika stempu, mengine unamwachia Mungu na posta. Kijiweni kwao ubishi ulikuwa hauishi: ukishinda, unakwenda mji gani? Mmoja alitaka New York kwa sababu ya muziki. Mwingine Miami, eti joto lake kama la Dar. Mjomba jibu lake lilikuwa moja, Houston, na sababu yake ni kwamba kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alishazamia kule na alikuwa anabeba boksi. Bibi, ambaye Houston hakuijua ni nchi au ni jina la mtu, alikuwa na swali lake lilelile: "Haya, ukifika, utafikia kwa nani?"

Hakushinda. Sasa hivi anauza vifaa vya umeme na maisha yanakwenda.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma mambo mengine kabisa, nikakutana na habari ambayo kijiwe kizima hakikuwa nayo. Ile bahati nasibu haikubuniwa kwa ajili yetu. Ilizaliwa kutokana na shida za vijana wa Ayalandi, watu weupe pepepe, waliokuwa wanazamia New York na Boston miaka ya 1980. Sisi tulidandia basi lililokodiwa na wengine. Nikasema ngoja niwafuatilie hawa Waayalandi toka mwanzo, na niwaulize swali la bibi.

Habari ya njaa ya viazi wengi tunaijua juu juu. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia mashambani Ayalandi, viazi vikaoza ardhini, na kwa mkulima mdogo wa kule kiazi ndicho kilikuwa asubuhi, mchana na usiku. Mpaka 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na homa, na zaidi ya milioni 1 wengine wameondoka. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2. Ya 1851 ikakuta milioni 6.5. Nchi ilikuwa chini ya Uingereza, na katika muda wote huo nafaka na ng'ombe waliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa huko huko Uingereza. Mtu akikuambia njaa ile ilikuwa ya viazi peke yake, mkatalie.

Sasa mtu wa hali hiyo unamwambia achague mji? Nauli ndiyo iliyomchagulia. Meli zilizoleta mbao kutoka Kanada zilikuwa zinarudi tupu, wenyewe wakaona bora wapakie watu kuliko kupakia mawe ya kutuliza meli. Kwa hiyo nauli ya Quebec ikawa chini kuliko ya New York. Mwaka 1847 watu walikufa kwa maelfu kwa homa inayoenezwa na chawa katika kisiwa cha karantini cha Grosse Île, kwenye mto St. Lawrence. Walionusurika, wengi wao walivuka mpaka kuingia Marekani, wengine kwa miguu. Na meli za pamba nazo hivyo hivyo: zikishusha pamba Liverpool, zinageuza New Orleans na Waayalandi tumboni. Ndivyo watu wa nchi ya mvua na baridi walivyojikuta katika mji wa kinamasi, mbu na homa ya manjano. Huko New Orleans, miaka ya 1830, Waayalandi wa kabla ya njaa walishachimba mfereji wa New Basin, wakafa wengi mno. Hesabu ya matajiri ilikuwa ya kikatili lakini rahisi kuielewa: mtumwa amenunuliwa kwa pesa nyingi, usimpoteze kwenye tope. Muayalandi akifa leo, kesho unaajiri mwingine.

Lakini kuna kundi moja lililoulizwa kweli, kwa mdomo, linataka mji gani. Hili lilinifanya nisilale. Ni wapangaji wa shamba la Lansdowne, upande wa Kenmare, wilaya ya Kerry. Mwishoni mwa 1850 msimamizi mpya wa shamba, William Steuart Trench, alipiga hesabu akaona kuwalisha katika nyumba ya maskini ni ghali kuliko kuwalipia nauli moja kwa moja waende zao. Akawatangazia kwamba anayetaka kuondoka atalipiwa mpaka bandari yoyote aipendayo: Boston, New York, New Orleans au Quebec.

Hebu jiweke pale. Umedhoofu, hujui kusoma, lugha yako ni Kiayalandi na Kiingereza ni cha kubabaisha, halafu bwana mwenye kalamu anakusomea majina manne na kukutazama. Utajibu nini? Utajibu jina ulilowahi kulisikia. Waliondoka kwa mamia, na waliofika New York wengi wao wakajazana katika vichochoro vichache vya mtaa mmoja, Five Points, ambao ulikuwa na jina baya kuliko mitaa yote ya mji. Charles Dickens alipita hapo 1842 akatoka akiandika kwa kinyaa. Wao hawakuwa wamemsoma Dickens. Walichojua ni kwamba aliyetangulia kutoka Kenmare yuko pale, na ukipiga kelele uchochoroni kwa Kiayalandi kuna mtu ataitikia.

Ila kabla ya kumfikia huyo aliyetangulia kulikuwa na gatini, na gatini kulikuwa na wapigadebe. Sina neno jingine la kuwaita. Wengi walikuwa Waayalandi wenyewe, wanakusalimia kwa lugha ya mama, wanauliza mzee hajambo, na wakati unajibu sanduku lako lishabebwa. Unapelekwa nyumba ya wageni, bei unayoambiwa mlangoni siyo unayodaiwa asubuhi, na sanduku linabaki rehani mpaka ulipe. Nani asiyeijua stendi ya namna hiyo? Mpaka serikali ya jimbo ilipofungua kituo cha Castle Garden mwaka 1855, ambapo mgeni aliweza kubadilisha pesa na kukata tiketi ya treni bila kuibiwa, hali ilikuwa hiyo.

Maisha yenyewe ya Five Points hayahitaji kuelezwa sana kwa msomaji aliyekulia uswahilini. Chumba na sebule, familia nzima ndani, na bado wanaingiza wapangaji wawili watatu ili kodi ipatikane. Maji uani, choo uani. Wanaume ni vibarua, wanabeba matofali ngazini, wanachimba misingi, wanashusha meli, na majira ya baridi yakiingia kazi zinakauka. Wanawake wanashona, wanafua, wanatembeza matofaa barabarani. Watoto nao wanatafuta chochote.

Nilichokuwa sikitegemei ni benki. Mwaka 1850 ilifunguliwa New York benki ya akiba kwa ajili ya wahamiaji, Emigrant Savings Bank. Kwa kuwa wateja wengi hawakuweza kutia saini, karani aliandika daftari la maswali ya kumtambua mtu: umezaliwa parokia gani, mama yako nani, ulikuja na meli gani, unakaa nyumba namba ngapi. Mwanahistoria Tyler Anbinder alipoyafukua madaftari hayo aliwakuta watu wa Kenmare, walewale waliofika bila kitu, na baada ya miaka michache baadhi yao walikuwa wameweka dola 100 na zaidi. Kibarua wa matofali! Mimi nina akaunti, na sitasema ina kiasi gani.

Boston ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1847 peke yake waliteremka pale Waayalandi wapatao 37,000, katika mji ambao hata sensa ya 1850 haikufikisha watu 140,000. Wenyeji walikuwa Waprotestanti wa ukoo na ukoo, waliona Wakatoliki wale kama mafuriko. Mwaka 1854 chama cha kupinga wageni, walichokiita Know-Nothing, kilizoa uchaguzi wa Massachusetts, ugavana na karibu bunge lote. Mwanamume Muayalandi alipata taabu mno Boston, viwanda havikuwa vingi na mlangoni akifunua mdomo lafudhi inamchoma.

Dada yake ndiye aliyepata kazi. Hapa ndipo Waayalandi walipotofautiana na wahamiaji wengine wote wa karne ile: karibu nusu yao walikuwa wanawake, tena wengi wasichana waliosafiri peke yao, bila baba wala mume. Waliingia majumbani, wakawa mahausigeli. Anaamka kabla ya wote, anawasha jiko, anapandisha makaa na maji ngazi tatu, anafua, anapika, analala chumba cha chini ya paa ambacho kiangazi ni tanuri na baridi ni barafu. Mapumziko Alhamisi mchana, na Jumapili asubuhi kwenda misa. Jina lake halisi halikuwa na kazi. Matajiri waliwaita wote Bridget, kama huku ambako kila mlinzi anaitwa babu.

Lakini hakulipa kodi wala hakununua chakula, kwa hiyo mshahara wake ulibaki mzima. Na ulikuwa na safari. Kwanza kanisani, maana makanisa makubwa ya mawe ya miji ile, pamoja na St. Patrick's ya New York iliyofunguliwa 1879, yalijengwa pia kwa senti zao. Halafu nyumbani, katika ile waliyoiita barua ya Amerika. Ndani ya barua kuna pesa ya kodi ya shamba, au kuna tiketi iliyokwishalipiwa yenye jina la mdogo wake. Tiketi ikishakuwa na jina la Boston, huyo mdogo amechagua mji gani? Usiku wa mwisho kijijini watu walikesha, wanacheza na kulia kwa zamu, kama matanga, kwa sababu wazee walijua hawatamwona tena. Asubuhi anaondoka na anwani ya dada yake.

Na anwani hupotea. Gazeti moja la Boston, The Pilot, lilikuwa na safu iliyoitwa Missing Friends, rafiki waliopotea, kuanzia 1831 hadi 1921. Miaka 90 watu wanalipia tangazo la kumtafuta ndugu: katoka parokia fulani, kashuka bandari fulani mwaka fulani, mara ya mwisho alisikika yuko kwenye ujenzi wa reli. Mke anamtafuta mume aliyetangulia kutafuta kazi. Mama kafika na watoto, aliyepaswa kuwapokea hayupo. Ukizisoma nyingi mfululizo unaanza kusikia sauti, na unaona jinsi jambo zima lilivyokuwa limeshikiliwa na kipande cha karatasi.

Nikiwa nimeshawapenda hivi, nikafika Julai 1863. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaendelea Marekani, serikali inaandikisha watu jeshini kwa kura, na mwenye dola 300 anaruhusiwa kujikomboa. Maskini wa New York, Waayalandi wakiwa mstari wa mbele, wakaingia barabarani. Hasira ya mwanzo ilikuwa ya haki. Halafu wakaigeuzia kwa watu weusi, ambao waligombania nao kazi za gatini na ambao hawakuwa na kosa lolote. Waliwanyonga watu kwenye nguzo za taa. Siku ya kwanza walichoma nyumba ya watoto yatima weusi. Watoto zaidi ya 200 walitolewa kwa mlango wa nyuma, wakaokoka. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika siku chache zile. Nimewasoma watu wanaosema umaskini ndio ulioua. Mimi nasema waliochoma ni watu, wenye majina, wengi wao wakiwa wamewahi kulala njaa, na walijua mtoto yatima ni nini.

Kama kuna mji mmoja ambao Waayalandi waliuchagua kweli, kwa macho makavu, ni ule ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia: Butte, jimbo la Montana, milimani, maelfu ya kilomita kutoka bahari waliyovuka. Ukitazama ramani unajiuliza mtu wa pwani ya Ayalandi alifikaje huko. Jibu ni shaba. Katika rasi ya Beara, kusini magharibi ya Ayalandi, kulikuwa na machimbo ya shaba ya Allihies. Yalipoanza kufifia, wachimbaji wakahama na ujuzi wao. Na Butte mkubwa wa shaba alikuwa Marcus Daly, mzaliwa wa wilaya ya Cavan, aliyewaajiri Waayalandi bila kuona haya. Husimuliwa kwamba kule Beara usia wa mwenye kusafiri ulikuwa huu: Marekani usisimame, nenda moja kwa moja Butte.

Walikwenda. Mwaka 1900 karibu robo ya watu wa Butte na vitongoji vyake walikuwa Waayalandi, sehemu kubwa kuliko hata Boston. Sullivan na Harrington zilijaa kiasi kwamba jina peke yake halikutosha, lazima uongeze la utani. Kulikuwa na mtaa wa Dublin Gulch na mtaa wa Corktown. Mshahara wa mchimbaji ulikuwa dola 3.50 kwa siku, na chama chao cha wafanyakazi, kilichoundwa 1878, kilihakikisha haushuki. Kwa kibarua wa wakati ule hizo zilikuwa pesa. Wajane waliendesha nyumba za kupanga, wanapikia wanaume wa zamu tatu, kitanda kimoja hakipoi: anayetoka shimoni anaingia kulala, anayeamka anaingia shimoni. Walikuwa na vyama vya kufa na kuzikana, na mwanachama akiugua anatumiwa pesa na watu wa kumkesha.

Vyama hivyo havikukosa kazi. Vumbi la mwamba lilikula mapafu, kijana wa miaka 35 anahema kama mzee. Na usiku wa 8 Juni 1917 moto ulishika kwenye shimo la Granite Mountain, moshi ukaingia mgodi wa Speculator, wakafa wanaume 168. Ulianza na taa ya mtu mmoja iliyogusa waya wa umeme uliokuwa unateremshwa shimoni, waya wa mfumo wa kuzimia moto. Mji uliochaguliwa kwa hiari ndio uliolipa vizuri na ndio uliozika mapema. Sijui kama waliokuwa Boston wanapandisha makaa waliwaonea wivu au huruma. Pengine vyote, kwa siku tofauti.

Turuke mpaka miaka ya 1980. Ayalandi ni nchi huru siku nyingi, lakini kazi hakuna, na vijana wanapanda ndege na viza ya matembezi, hawarudi. Wanafikia Woodlawn na Bainbridge Avenue katika Bronx, Woodside katika Queens, Dorchester katika Boston. Kwa nini huko? Shangazi yuko huko, au mtu wa timu yao ya mpira nyumbani. Wavulana wakaingia kwenye ujenzi, wasichana wakalea watoto na wazee wa watu, wengine baa. Mshahara mkononi, taslimu, bila karatasi. Unamwogopa polisi wa barabarani, unamwogopa daktari kwa sababu ya bili, na kubwa kuliko yote, huwezi kwenda nyumbani, kwani ukitoka huingii tena. Simu inalia usiku kwamba baba amefariki, na wewe unakaa kitandani Bronx unahesabu: nikienda kuzika, nimepoteza kila kitu.

Tofauti yao na wazamiaji wengine ni kwamba walikuwa na wajomba bungeni. Mbunge Brian Donnelly wa Massachusetts alipenyeza kifungu katika sheria ya 1986, viza 10,000 kwa nchi zilizokuwa zinaachwa nyuma, anayewahi ndiye apate, na kila mtu aruhusiwe kutuma maombi mengi awezavyo. Januari 1987, katika juma moja, zilimiminika barua zaidi ya milioni 1, Waayalandi wakiandika mpaka vidole vinakufa ganzi. Ikaja sheria ya 1990, na mbunge Bruce Morrison akiisukuma zikatengwa viza 40,000 kila mwaka kwa miaka mitatu, asilimia 40 ya hizo zikiwa za Ayalandi. Sheria hiyohiyo, ili isionekane ya upendeleo, ikaweka bahati nasibu ya kudumu kwa nchi zote zenye wahamiaji wachache. Ilianza kutoa viza 1995. Zamu hii Waafrika tulikuwemo. Mwaka uliofuata mjomba wangu alinunua stempu.

Ukishinda ile bahati nasibu, mbele ya safari uliulizwa anwani ya Marekani ambako kadi itatumwa. Swali la bibi, limechapwa kwa mashine.

Yule kijana wa Houston hakuwahi kupata karatasi. Mama yake alifariki 2003. Mjomba ndiye aliyeingia kaburini kumpokea marehemu, mahali pa mwanawe. Siku ile simu ya Houston iliita mara tatu. Mara ya kwanza alitaka kujua kama sanda imepatikana. Mara ya pili hakusema kitu. Mara ya tatu aliuliza kama watu wamekuja wengi, na mjomba, miguu yote udongo, akamjibu mtaa mzima umekuja.